Rais Asiyetawala Ana Kazi Gani?



Katika mabaraza yetu ya miezi hii swali moja limerudi mara nyingi, nalo huulizwa kwa kicheko zaidi kuliko kwa kutaka jibu: Rais asiyetawala ana kazi gani? Wasemao hivyo wamesoma habari za nchi ambazo Waziri Mkuu ndiye ashikaye usukani wa Serikali na kujibu maswali Bungeni, na juu yake ameketi Rais mwenye nyumba kubwa, askari wa farasi na bendera, asiyeweza kuamuru neno lolote kubwa ila kwa shauri la Mawaziri. Mwanachama mmoja alimfananisha na mpini usio na jembe. Mwingine akasema mshahara wa mtu huyo ungefaa zaidi kugawiwa matarishi. Tulicheka sote, wala hatuwalaumu waliosema. Lakini sisi ambao kazi yetu ya kila siku ni kupeleka karatasi zitiwe sahihi, na kuzipokea zikiisha kutiwa, twaona kwamba jambo hili lawahusu watu wa kazi yetu kuliko watu wengine, maana kwa hakika lote ni habari ya sahihi.

Huku kwetu mpango huo haukupata makao. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull, aliyekaa mahali pa Malkia, na Waziri Mkuu aliyeendesha kazi. Lakini ulidumu mwaka mmoja tu. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, na heshima na nguvu zikawekwa katika mkono mmoja, mkono wa Mwalimu Julius Nyerere. Kenya nayo ikafanya vivyo hivyo tarehe 12 Desemba 1964. Hoja iliyosikika siku zile haikuwa ya kipuuzi: kwamba watu wa nchi hizi hawakuzoea kumwona mkuu apewaye heshima yote naye hana amri yoyote, na kwamba kutenga heshima na nguvu ni kuwachanganya wananchi wasijue wamtazame nani.

Uganda ilijaribu, na yaliyotukia huko ndiyo silaha ya wenye kucheka. Tarehe 9 Oktoba 1963 Gavana Mkuu aliondoka, na Kabaka wa Buganda, Sir Edward Mutesa II, akawa Rais, hali Milton Obote amebaki Waziri Mkuu mwenye kuendesha Serikali. Urais ule ulikuwa wa heshima tu. Lakini mwaka 1964 ikaja kura ya wilaya za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Bunyoro ilizidai kwa Buganda tangu zamani, na watu wa huko wakachagua kurudi Bunyoro. Sasa tazameni mtego aliowekewa mtu yule. Kama Rais wa Uganda nzima, alitakiwa kutia sahihi yake katika karatasi za jambo lile. Kama Kabaka, aliapa kuilinda Buganda isipungue hata shamba moja. Mkono mmoja haukuweza kutumikia viapo viwili, naye akakataa kutia sahihi. Wilaya zikaenda hata hivyo. Mwezi wa Februari 1966 Obote aliiweka katiba kando, mwezi wa Aprili akajifanya Rais mwenye nguvu, na tarehe 24 Mei jeshi likaishambulia Lubiri ya Mengo. Mutesa alikimbia, akafa London mwaka 1969.

Wengi hutoa kwa habari hiyo hukumu kwamba Rais wa heshima hafai katika Afrika. Sisi twaona hukumu hiyo imetolewa kwa haraka. Aliyeshindwa Uganda si Rais asiyetawala. Alikuwa mtawala wa upande mmoja aliyevikwa joho la Rais wa wote. Tena jaribio lenyewe halikutimiza hata miaka mitatu. Atakaye kujua thamani ya kiti hiki na atazame nchi iliyokitumia muda mrefu, ikakiona katika siku njema na siku mbaya, na ambayo makarani wake walirithi madaftari, mihuri na desturi za Serikali ya Kiingereza kama walivyorithi wa kwetu. Nchi hiyo ni India.

India ilikuwa jamhuri tarehe 26 Januari 1950, na Dr. Rajendra Prasad akaingia katika nyumba ya Delhi iliyojengwa kwa ajili ya mwakilishi wa Mfalme wa Uingereza, nyumba yenye vyumba 340. Mtu akiisoma katiba yao kwa juu juu atadhani Rais ni sultani: kifungu cha 53 chasema nguvu zote za utendaji wa Serikali Kuu zimo mkononi mwake. Lakini kifungu cha 74 kikaweka Baraza la Mawaziri, chini ya Waziri Mkuu, limsaidie na kumpa shauri. Bwana B. R. Ambedkar, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandika katiba, aliwaeleza wenzake mwaka 1948 kwamba Rais atakuwa mkuu wa nchi asiye mkuu wa utendaji, atawakilisha taifa wala hatalitawala, na kwamba mahali pake katika Serikali ni kama mahali pa alama iliyochongwa katika muhuri, ambayo kwayo maamuzi ya taifa hujulikana.

Muhuri! Mfano huo hatuhitaji kufafanuliwa. Na India waliufuata mpaka ndani ya ofisi. Kwa kifungu cha 77 amri zote za Serikali Kuu hutolewa kwa jina la Rais, ingawa atiaye sahihi ni ofisa fulani mezani pake, ambaye pengine hajapata kumwona Rais ila katika picha. Maofisa wale huandika kwa jina la mtu ambaye hakuamua, wakitoa amri ya Mawaziri walioamua, nao hawaoni ajabu, kama sisi tusivyoona ajabu tukiandika "kwa niaba ya".

Dr. Prasad mwenyewe hakutulia kabisa na mfano ule. Mwaka 1951 alimwandikia Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru kwamba ana mashaka juu ya mswada wa sheria za ndoa na urithi za Wahindu, na kwamba angependa kuuamua kwa dhamiri yake. Wanasheria walioulizwa walijibu kwamba Rais amefungwa na shauri la Mawaziri. Mwaka 1960 aliliuliza tena hadharani, mbele ya wanasheria: je, ni kweli kwamba Rais wa India ni sawasawa na Mfalme wa Uingereza? Hakupata jibu alilolitaka. Hata mwaka 1976 badiliko la 42 la katiba likaandika wazi kwamba Rais atatenda kwa kufuata shauri hilo. Basi mwenye kucheka atasema: si ndivyo tulivyosema? Muhuri hauna maoni.

Lakini badiliko hilo liliandikwa katika miaka gani, na nani aliyelitaka? Hapa twaomba wasomaji wavumilie tueleze kwa urefu habari ya usiku mmoja, maana katika historia yote ya viti hivi hatujui habari iwafaayo makarani kuliko hii.

Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama ya Juu ya Allahabad ilibatilisha uchaguzi wa Bibi Indira Gandhi, Waziri Mkuu, katika jimbo lake. Wapinzani wakamtaka ajiuzulu. Jioni ya tarehe 25 Juni Bibi Gandhi alikwenda kwa Rais, Bwana Fakhruddin Ali Ahmed, akamweleza kwamba anataka itangazwe hali ya hatari. Usiku ukiwa umeendelea, ikafika barua yake ya siri. Barua ile ilisema kwamba usalama wa India umo hatarini kwa sababu ya machafuko ya ndani. Kwamba Waziri Mkuu angependa kulipeleka jambo hili mbele ya Baraza la Mawaziri, lakini haikuwezekana usiku ule. Kwamba atalitaja Barazani asubuhi mapema. Na kwamba, kwa hiyo, anatumia kanuni ya 12 ya Kanuni za Kuendesha Shughuli za Serikali za mwaka 1961, impayo Waziri Mkuu ruhusa ya kuuacha utaratibu wa kawaida inapolazimu. Wasomaji waliozoea kanuni za ofisi watatambua hila ya kanuni ya namna hiyo. Kila kitabu cha kanuni kina mlango mdogo wa nyuma, uliowekwa kwa siku ya moto au gharika.

Tume ya Jaji J. C. Shah, iliyoundwa mwaka 1977 kuchunguza mambo ya wakati ule, ilisikia ushahidi wa katibu wa ofisi ya Rais. Rais alimwita usiku ule akampa barua aisome. Akaisoma, naye akamwambia Rais kwamba kwa mujibu wa katiba hawezi kutenda kwa namna ile: barua ilinena habari ya Rais kuridhika yeye mwenyewe, na hali katiba haitaki kuridhika kwake yeye bali yataka shauri la Baraza la Mawaziri. Rais akasema atazungumza na Waziri Mkuu kwa simu. Katibu akatoka. Aliporudi, dakika kama kumi baadaye, aliambiwa kwamba msaidizi wa Waziri Mkuu amekwisha leta tangazo lililoandikwa tayari, na kwamba sahihi imekwisha tiwa.

Usiku uleule umeme ulikatwa katika nyumba nyingi za kupigia chapa magazeti mjini Delhi, na wakuu wa wapinzani wakakamatwa kabla ya mapambazuko. Saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 26 Juni, Mawaziri waliitwa wakapewa habari ya jambo lililokwisha kutendwa kwa jina la shauri lao. Hali ya hatari ilidumu mpaka tarehe 21 Machi 1977, na katika muda huo watu zaidi ya 100,000 waliwekwa kizuizini pasipo kuhukumiwa.

Wako watakaouliza: kama Rais asingetia sahihi usiku ule, ingekuwaje? Waziri Mkuu alikuwa na wabunge wengi. Baraza lingekutana alfajiri, lingeandika shauri lake, na Rais angefungwa kulifuata. Ni kweli, na huenda tangazo lingetoka vilevile. Lakini twawauliza nao: kwa nini basi barua ilikwenda usiku? Kwa nini ilitumiwa kanuni ya 12, kama asubuhi ilikuwa ni sawa na usiku? Rais angeweza kusema neno ambalo kila karani mwema amepata kulisema kwa mkubwa wake: Bwana, karatasi hii haijakamilika, nitaipokea ikikamilika. Kumwambia hivyo Waziri Mkuu si kumpinga wala si kutawala. Ni kuwalazimisha Mawaziri wakae mezani, kila mmoja na jina lake, waseme ndiyo au hapana mbele ya wenzao. Saa sita za usiku ule, katika chumba cha mwenye muhuri, zilikuwa na thamani kuliko gwaride zote za mwaka.

Mwezi wa Desemba 1975 mchoraji Abu Abraham alimchora Rais amelala katika hodhi la kuogea, mkono umetoka nje unamrudishia mtu karatasi iliyokwisha tiwa sahihi na kalamu. Picha ile ilipita katika gazeti wakati magazeti yanakaguliwa na Serikali, nayo yajulikana India mpaka leo. Bwana Fakhruddin Ali Ahmed alifariki tarehe 11 Februari 1977 akiwa bado Rais, na wengi walio mbali hawakumbuki jambo lake lingine ila karatasi ile. Twaona hilo lina ukali, kwa kuwa alikuwa mwanasheria na mtu wa adabu. Lakini ndivyo ilivyo.

Sasa angalieni dawa waliyoipata. Serikali iliyofuata haikumfanya Rais kuwa mtawala. Mwaka 1978, kwa badiliko la 44, iliandika mambo mawili ambayo twayaona ni ya busara ya watu waliojua ofisi. La kwanza: Rais hatatangaza hali ya hatari mpaka uamuzi wa Baraza la Mawaziri umemfikia kwa maandishi. La pili: Rais aweza kulirudisha shauri la Mawaziri, mara moja, walifikiri tena, na wakilileta tena, atalifuata. Zamani aliweza kuurudisha mswada wa sheria kwa namna hiyo, isipokuwa mswada wa fedha, kwa kifungu cha 111. Sasa aweza kurudisha na shauri. Maandishi, na mara moja. Nguvu zake mbele ya Mawaziri wenye wingi Bungeni ni kama hizo tu, na asiyejua uzito wa karatasi ataziona si kitu.

Tuwaoneshe uzito huo kwa habari ya posta, ambayo wanachama wetu wa idara hiyo wataielewa upesi. Mwaka 1986 Bunge la India lilipitisha mswada wa kuibadili sheria ya posta ya mwaka 1898, uipe Serikali ruhusa pana zaidi ya kuzuia na kufungua barua za watu zikiwa njiani. Waziri Mkuu alikuwa Bwana Rajiv Gandhi, mwana wa Bibi Indira, na chama chake kilikuwa na viti zaidi ya 400 Bungeni. Hapakuwa na upinzani wa kuweza kuuzuia. Mswada ukaja mezani kwa Rais Zail Singh. Hakuutia sahihi. Wala hakuurudisha, maana angeurudisha ungepitishwa tena juma lilelile, naye angelazimika. Aliukalia tu. Kifungu cha 111 hakikuandika siku ngapi Rais atakaa na karatasi kabla ya kuitia sahihi, naye alisimama katika ufa huo mpaka muda wake wa urais ulipokwisha mwezi wa Julai 1987. Mswada ule haukupata kuwa sheria kamwe.

Hapa nasi tusiwe washabiki. Zail Singh na Waziri Mkuu wake hawakupatana. Rais alilalamika kwamba Waziri Mkuu hamletei habari za Serikali, na hali kifungu cha 78 chamlazimisha kuzileta. Huenda kinyongo kilikuwa katika kalamu yake pamoja na haki za watu. Tena kukalia faili ni ugonjwa ambao sisi wenyewe twaujua, na umma huuchukia kwa haki: mwenye mamlaka asemaye ndiyo au la aweza kujibiwa, bali anyamazaye hajibiki. Njia iliyo nyofu ni ile ya kurudisha na kueleza sababu. Kama kila Rais angefanya kama Zail Singh, Bunge lingekuwa bure. Twasema tu kwamba mtu ambaye watu walimwita muhuri alizuia barua za mamilioni ya wenzake zisifunguliwe, pasipo askari hata mmoja.

Njia nyofu ilionekana miaka kumi baadaye. Bwana K. R. Narayanan, aliyezaliwa katika nyumba maskini ya Kerala, katika jamii waliodharauliwa na kuitwa wasioguswa, akawa Rais mwaka 1997. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule Mawaziri wa Bwana I. K. Gujral walimpa shauri aiondoe Serikali ya jimbo la Uttar Pradesh na kuliweka jimbo chini ya Delhi, ingawa Waziri Mkuu wa jimbo lile alikuwa amekwisha pata kura za kumwamini katika baraza lake. Narayanan alilirudisha shauri. Mawaziri wakalifikiri, wakaliacha. Mwezi wa Septemba 1998 Mawaziri wengine, wa Bwana Atal Bihari Vajpayee, wakataka lilelile kwa jimbo la Bihar. Akalirudisha tena, nao wakaliacha kwa wakati ule. Mwezi wa Februari 1999, baada ya mauaji katika Bihar, wakalileta upya; akatia sahihi. Yaani alirudisha shauri la chama hiki na la chama kile, na alipotimiza haki yake ya kuuliza hakung'ang'ania. Tena mwaka 1998, ambapo hapakuwa na chama chenye wingi Bungeni, hakumwita Vajpayee aunde Serikali mpaka vyama rafiki vimeleta barua za kumwunga mkono. Mtu huyu alipenda maandishi! Na katika uchaguzi wa mwaka huohuo alisimama katika mstari akapiga kura yake kama raia, jambo ambalo Marais waliomtangulia hawakulifanya katika uchaguzi mkuu.

Aliyemfuata, Dr. A. P. J. Abdul Kalam, aliifanya kazi hii pande zote mbili. Mwezi wa Mei 2005 alikuwa safarini Moscow, na usiku ukaletwa kwa mashine ya simu ushauri wa kulivunja baraza la Bihar. Akatia sahihi hukohuko, ikarudishwa Delhi kwa mashine ileile. Mahakama Kuu baadaye ikahukumu kwamba uvunjaji ule ulikuwa kinyume cha katiba. Lakini mwaka 2006 aliurudisha Bungeni mswada uliohusu wabunge wenye vyeo vingine vya malipo, Bunge likaupitisha tena bila ya kubadili neno, naye akautia sahihi. Usiku, haraka, safari, karatasi iliyokwisha andikwa tayari: wasomaji wataona kwamba mwaka 2005 umefanana na 1975 zaidi ya ilivyopendeza, ingawa madhara yake hayakulingana.

Wenzetu wa hoja ya mshahara twawajibu kwa ufupi. Gharama ya nyumba ile na farasi wale yaweza kupunguzwa, na ingefaa ipunguzwe. Hakuna kifungu kisemacho kwamba mwenye kuuliza sharti awe na vyumba 340. Lakini gharama si hoja juu ya kazi yenyewe. Wala hatusemi kwamba nchi zetu zibadili katiba zao zifuate India. Hilo ni la wananchi na Mabunge yao, si la chama cha watumishi wa Serikali. Sisi twapinga neno moja tu lililotumika katika baraza letu, neno "sahihi tu", kana kwamba sahihi isiyo na uamuzi ndani yake si tendo.

Kwani neno hilo lingekuwa kweli juu ya Rais, lingekuwa kweli zaidi juu yetu. Ni nani katika sisi aamuaye? Twaandika, twanakili, twapeleka, twatia muhuri. Hata hivyo kila mmoja amepata kuona karatasi iliyokuja bila ya kiambatisho, au yenye tarehe iliyorudishwa nyuma, au iliyoletwa saa za kufunga ofisi na mtu asemaye kwamba mkubwa amekwisha kubali kwa mdomo. Siku ile karani ana neno moja la kusema, na aghalabu ana mara moja ya kulisema. Katibu wa Delhi alilisema. Halikufuatwa, na hatukuambiwa kwamba alipiga meza au kujiuzulu; lakini alilisema kwa aliyestahili kuambiwa, kabla ya sahihi wala si baada yake, na kwa sababu alilisema, Tume ilipokuja kuuliza, haikuwezekana mtu yeyote kudai kwamba katika nyumba ile hapakuwa na aliyejua.

Hoja ya "Rais asiyetawala ni mzigo kwa wananchi" itajadiliwa katika mkutano wetu ujao, na Katibu anapokea majina ya wasemaji wa pande zote mbili. Twawaomba wale watakaounga mkono hoja waje na jibu juu ya usiku wa tarehe 25 Juni, na wale watakaoipinga waje na jibu juu ya jambo hili la mwisho, ambalo hatukutaka kulificha. Mwaka 2023 Bunge la India lilipitisha sheria mpya ya posta mahali pa ile ya mwaka 1898. Kifungu cha 9 chairuhusu Serikali kumpa ofisa uwezo wa kuzuia na kufungua chochote kipitacho katika posta, kwa ajili ya usalama wa nchi, urafiki na mataifa ya kigeni, utulivu wa umma na sababu nyingine za namna hiyo. Ni mambo yaleyale, kwa sehemu kubwa, yaliyokaa mezani kwa Zail Singh. Sheria ikaenda kwa Rais Droupadi Murmu, naye akaitia sahihi mwezi uleule wa Desemba.